Neno "si" lililokatwa na televisheni

  

Kwa kawaida ukurasa huu wa familia hupokea nasaha za ndoa, malezi ya watoto na afya ya mama. Leo tunaomba nafasi ya kueleza jambo linaloonekana dogo, nalo ni namna ya kuunganisha kompyuta mpakato na televisheni ili kioo kionyeshe kila kilichoandikwa, bila kukata na bila ukungu. Tunalieleza kwa sababu katika msikiti tunaoutumikia, hapa Kawajense katika Manispaa ya Mpanda, jambo hilo dogo lilikaribia kumfanya mjane agawiwe kama mali. Na sehemu kubwa ya kosa ilikuwa yetu sisi tuliokabidhiwa ukatibu wa kamati.

Msikiti wetu una sehemu mbili. Wanaume huswali katika ukumbi mkuu, na akinamama wana chumba chao upande wa nyuma, kilichotengwa kwa ukuta wa tofali. Zamani darsa ya Jumamosi, baina ya Maghrib na Isha, iliwafikia kwa spika peke yake. Ustadh alipoandika ubaoni, wao walisikia mlio wa chaki tu. Miaka miwili iliyopita walichangishana wenyewe baada ya mavuno ya mpunga, wakanunua televisheni ya nchi 43. Kamati ikaongeza waya wa HDMI wa mita 10, ukapitishwa juu ya ukuta. Tangu siku hiyo sheikh huandaa somo lake katika kompyuta mpakato, slaidi baada ya slaidi. Wanaume humtazama yeye na ubao wake, na akinamama hutazama kioo. Sisi tuliona tumewatendea wema mkubwa. Lakini katika kamati yetu, ambayo wajumbe wake wote walikuwa wanaume, hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kuingia chumba kile kutazama kioo hicho darsa ikiendelea.

Jumamosi moja ya msimu wa mvua, darsa ilihusu mirathi. Sheikh alieleza fungu la mke kama lilivyowekwa katika aya ya 12 ya Suratun Nisaa: robo ikiwa mume hakuacha mtoto, na thumni ikiwa ameacha. Alieleza vizuri, na maswali yakawa mengi hata muda ukaisha. Slaidi yake ya mwisho ilikuwa ya kutangaza somo la wiki inayofuata, nalo lilihusu katazo lililomo katika aya ya 19 ya sura hiyohiyo. Sentensi ya kwanza, ambayo sheikh aliitunga mwenyewe, ilisomeka hivi: "Si halali ndugu wa marehemu kumrithi mke wa marehemu kama arithivyo mali." Hakuisoma kwa sauti. Adhana ya Isha ilikuwa imeanza, akainuka, na slaidi ile ikabaki kwenye kioo cha akinamama mpaka baada ya swala. Mabinti wenye madaftari wakainakili, kama walivyozoea.

Juma lililofuata sheikh alipata msiba Tabora, akaondoka kwa treni. Darsa ikasimama kwa wiki mbili, na somo lililotangazwa halikusomeshwa.

Siku moja baada ya swala ya Alasiri tulikuwa tukifunga kabati la vitabu, akatujia mama mmoja wa mtaani kwetu, mtu mzima anayeheshimika. Tukamtolea salamu na kumkaribisha kiti. Aliitikia salamu, kiti akakikataa.

"Katibu," akasema, "nimekuja kuuliza kama dini imebadilika."

Tukamwomba afafanue. Binti yake mkubwa alikuwa amefiwa na mume miezi miwili kabla, akiwa na watoto watatu, na eda yake ya miezi minne na siku kumi ilikuwa haijaisha. Kwa kuwa hatoki, mdogo wake, mwanafunzi wa kidato cha pili, ndiye aliyekuwa akihudhuria darsa na kumpelekea daftari alisome. Daftari hilo lilionwa na kaka wa marehemu, mkubwa wa ukoo. Kurithi mjane ni desturi ya zamani katika makabila mengi ya nchi yetu, na mzee yule hakuwa ameificha nia yake tangu siku ya arobaini. Safari hii alikuja na wazee wawili na daftari mkononi, akasema kwamba hata msikitini wamefundisha hivyo. Eda ikiisha, mjane atahamia kwake, pamoja na nyumba, kiwanja na watoto.

Tulisoma daftari. Mwandiko ulikuwa safi, na sentensi ilikuwa wazi kabisa: "Halali ndugu wa marehemu kumrithi mke wa marehemu kama arithivyo mali."

Tulichokisema hapo kinatuaibisha hadi leo. Tulisema, "Mtoto amekosea kunakili, mama."

Yule mama hakupandisha sauti. Alifungua kikapu chake akatoa madaftari mengine mawili, ya mabinti wa nyumba nyingine, akayaweka mezani. "Madaftari matatu, mwanangu? Wamekosea wote watatu, mahali pamoja?"

Tukawasha kompyuta. Slaidi ilikuwapo, na sentensi ilikuwa kamili, "Si" ikiwa mwanzoni, mwisho kabisa wa upande wa kushoto, kwa sababu sheikh hujaza maneno mpaka ukingoni ili herufi ziwe kubwa. Tukachomeka waya, tukazunguka mpaka chumba cha akinamama. Kioo kilisomeka: "halali ndugu wa marehemu." Neno la herufi mbili halikuwapo. Lilikuwa limekatwa na ukingo wa televisheni kwa unadhifu kiasi kwamba hakikubaki hata kipande cha herufi cha kumtia mtu shaka. Dalili pekee ilikuwa ile "h" ndogo mwanzoni mwa sentensi. Mabinti, kama walivyofundishwa shuleni, waliisahihisha wakaandika "H" kubwa.

Tulimuuliza yule mama kwa nini hawakutueleza kwamba kioo kinakata maneno.

"Tulisema, mwanangu," akajibu. "Tulisema mara tatu."

Tulirudi ofisini tukafungua kitabu cha kumbukumbu za vikao. Malalamiko hayo yalikuwamo, kwa mwandiko wetu wenyewe, chini ya kichwa "Mengineyo", katika vikao vitatu tofauti: kioo cha akinamama kinakata maneno ya pembeni. Mbele ya kila mara tuliandika kwamba litaangaliwa. Halikuangaliwa, kwa sababu kwenye kompyuta ya sheikh maneno yalionekana yote, nasi tukaamini kwamba kilichotoka kwetu ndicho kilichofika kwao.

Usiku uleule, pamoja na imamu wetu, tulikwenda nyumbani kwa mjane, na tukamwomba mzee wa ukoo afike pamoja na wale wazee wawili. Tulieleza kosa na tukabeba lawama. Mzee alikaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Mimi nilisoma kilichoandikwa. Sasa mnaniambia kioo ndicho kilichosema uongo?"

Tukamjibu kwamba kioo kilinyamaza kwenye neno moja, na neno hilo ndilo lililobeba hukumu. Imamu akamfafanulia kwamba mwanamke harithiwi, na kwamba eda ikiisha yeye ni huru: akitaka kuolewa ataolewa na amtakaye kwa ridhaa yake, kwa ndoa na mahari, na asipotaka halazimishwi. Fungu lake la thumni ni haki yake, na mafungu ya watoto ni amana yao. Mzee aliyafuta maneno yake mbele ya wale wazee wawili. Lakini kabla ya kuondoka alituuliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake: "Na hayo mengine ya miaka miwili, mna hakika nayo?"

Mjane alikuwa ndani, nyuma ya pazia. Aliomba jambo moja tu: sentensi ile iandikwe kwa kalamu, kamili, katika daftari la mdogo wake, na chini yake tutie sahihi. Tukaandika, tukatia sahihi, na imamu naye akatia yake.

Sasa tueleze jinsi kosa lilivyotokea, kwa faida ya familia na misikiti inayotumia vyombo hivi.

Kioo cha televisheni ni mkusanyiko wa nukta ndogo za mwanga, ambazo mafundi huziita pikseli. Televisheni yetu ina nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo, jumla 2,073,600. Kompyuta ilikuwa imepangwa kutuma picha ya nukta 1280 kwa 720, yaani 921,600 tu, chini ya nusu. Aliyeipanga hivyo ni sisi, siku ya kwanza, kwa kuwa kwa kipimo hicho herufi zilionekana kubwa. Televisheni ilipopokea picha hiyo ndogo ililazimika kuitanua ili ijae kioo, na kila nukta moja ikawa inatakiwa kufunika nukta moja na nusu. Nukta haigawanyiki nusu. Kwa hiyo televisheni hubuni rangi ya katikati, na matokeo yake ni ukungu kwenye kingo za herufi.

Kwa maandishi ya Kiswahili, hasara ya ukungu huo ni macho kuchoka. Kwa Kiarabu hasara ni kubwa zaidi. Herufi za ba, ta na tha zina umbo moja, na kinachozitofautisha ni nukta: moja chini, mbili juu, tatu juu. Nukta tatu zilizoingiliana kwa ukungu husomeka kama mbili, na mbili kama moja. Wanazuoni wa kale walitaabika kuweka nukta hizo juu ya maandishi ili watu wasipotee katika kusoma, nasi tukazifuta kwa mpangilio wa dakika moja.

Hiyo ni ila ya kwanza. Ya pili, iliyolikata neno, asili yake ni televisheni za zamani, zile nene zenye mrija wa kioo. Picha za televisheni zile hazikutulia kwenye kingo, kwa hiyo watengenezaji waliikuza picha kidogo kuliko kioo ili kingo zake zifichike nyuma ya fremu. Televisheni bapa za leo hazina haja hiyo, lakini nyingi bado hutoka kiwandani zikiwa na mazoea yaleyale. Anayetazama mpira hapotezi kitu cha maana, maana ukingoni kuna majani ya uwanja tu. Lakini ukurasa wa maandishi hupoteza mwanzo wa mstari. Televisheni ikikata asilimia 5 kila upande, katika nukta 1280 zinapotea 64 kushoto na 64 kulia. Kiswahili huanzia kushoto na Kiarabu huanzia kulia, kwa hiyo hakuna lugha iliyosalimika.

Waya wa HDMI, uliobuniwa mwaka 2002, hupeleka picha na sauti kwa pamoja. Kupitia waya huohuo televisheni huieleza kompyuta vipimo inavyoweza kupokea. Lakini ukataji wa kingo hufanyika ndani ya televisheni yenyewe, picha ikishafika. Kompyuta kwa kawaida haipati habari yake. Ndiyo maana sheikh, akiwa mbele ya kompyuta, hakuona kasoro, na asingeiona hata angesomesha miaka kumi.

Tulipokuwa chuoni tulisoma katika elimu ya istilahi za hadithi mlango uitwao tas-hif, yaani kosa linaloingia katika riwaya kwa kusoma maandishi vibaya. Mfano maarufu, uliotajwa na Ibn Salah aliyefariki mwaka 643 Hijria, ni wa Ibn Lahia, kadhi wa Misri. Hadithi ya Zayd bin Thabit (R.A.) inasema kwamba Mtume (S.A.W.) alijitengea sehemu ndani ya msikiti, na neno lake ni "ihtajara". Ibn Lahia aliipokea hadithi hiyo kwa maandishi bila kuisikia kwa mwalimu, akaisimulia kwa neno "ihtajama", yaani alipiga chuku msikitini. Herufi moja ya mwisho ilibadilika, ra ikawa mim, na maana yote ikahama. Tulifaulu mtihani wa somo hilo kwa alama nzuri. Hatukujua kwamba siku moja tas-hif itatokea katika msikiti wetu, ng'ambo ya sehemu iliyotengwa, kwa waliopokea maandishi bila kuyasikia.

Wanazuoni hao waliacha pia dawa yake, nayo ni muqabala: nakala husomwa mbele ya asili, neno kwa neno, kabla haijategemewa. Swali la yule mzee halikuwa na jibu jingine. Kwa jioni tatu mfululizo tulikaa na akinamama baada ya Alasiri. Wao walisoma madaftari yao ya miaka miwili kwa sauti, sisi tukafuatilia slaidi za asili. Tulikuta maneno mengi yaliyokatwa. Walio wengi walikuwa wameyakisia wenyewe na kuyajaza kwa usahihi, na hiyo ni sifa yao. Lakini palikuwa na mahali pengine ambapo kosa lilileta madhara, tena katika jambo la fedha. Mwaka uliopita kamati ilitangaza mchango wa tangi la maji, shilingi 15,000 kwa kila kaya, na tangazo likaachwa kwenye kioo. Akinamama waliona 5,000, kwa sababu ile 1 ilikuwa ukingoni. Wakatoa 5,000 kila mmoja, kwa ukamilifu. Na sisi, katika kikao, tukaandika kwamba upande wa akinamama umezembea.

Mama mmoja aliposoma mstari ule katika daftari lake, nasi tukasoma wa kwetu, chumba kizima kilicheka. Sisi tulicheka kidogo, kisha tukaomba radhi.

Haya basi ndiyo tuliyojifunza, hatua kwa hatua, nayo yanafaa pia nyumbani, kwa familia inayotazama darsa au kumfundishia mtoto masomo kwenye televisheni ya sebuleni.

Kwanza, anza na rimoti. Fungua mipangilio ya picha, tafuta sehemu ya ukubwa wa picha. Utakuta majina kadhaa. Linalozuia kukata hutofautiana kwa kila mtengenezaji: "Just Scan", "Screen Fit", "Full Pixel" au "1:1". Chagua hilo, na uepuke "Zoom". Ikiwa hakuna jina la namna hiyo, nenda kwenye orodha ya viingilio, ulipe tundu la HDMI unalotumia jina la "PC". Televisheni nyingi zikiona jina hilo huacha kukata kingo. Kwetu kazi hii ilichukua dakika moja, baada ya kuahirishwa vikao vitatu.

Pili, kwenye kompyuta inayotumia Windows, bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi P. Utaona chaguo nne. "Duplicate" huonyesha picha moja kwenye vioo viwili kwa kipimo kimoja, na mara nyingi kioo kidogo cha kompyuta huivuta televisheni chini. "Extend" na "Second screen only" huiacha televisheni itumie kipimo chake yenyewe. "Extend" ina faida nyingine, kwamba kioo cha kompyuta hubaki cha mwalimu peke yake, na ujumbe wa simu au barua zake hazitokezi mbele ya watu. Sharti ahakikishe slaidi zimeelekezwa kwenye televisheni.

Tatu, bofya kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu, fungua "Display settings", chagua kisanduku kinachowakilisha televisheni, kisha shuka kwenye orodha ya vipimo. Kipimo chenye neno "Recommended" pembeni yake ndicho kwa kawaida kinacholingana na nukta za kioo. Kwa televisheni kama yetu ni 1920 kwa 1080. Kwa zile za 4K ni 3840 kwa 2160. Televisheni nyingi za nchi 32 zina nukta 1366 kwa 768 tu, ingawa hukubali kupokea picha kubwa zaidi. Ikiwa herufi bado zina ukungu, soma kijitabu kilichokuja na televisheni, kisha jaribu kipimo cha kioo chenyewe.

Nne, baada ya kuweka kipimo sahihi herufi huenda zikaonekana ndogo. Hapa ndipo sisi tulipokosea. Usipunguze kipimo. Ongeza ukubwa wa maandishi katika sehemu ya "Scale", asilimia 125 au 150, au punguza maneno katika slaidi na uyakuze. Tena acha nafasi ya kutosha kila upande, kama vitabu vinavyoacha pambizo. Neno lisikae ukingoni.

Tano, fanya mtihani kabla ya somo. Tengeneza slaidi moja yenye mstari unaozunguka kingo zote nne, na katika kila pembe andika neno moja. Mtu aliyekaa mbele ya televisheni, si aliye mbele ya kompyuta, ndiye aseme kama anaiona mistari yote minne na maneno yote manne. Ukikosekana mstari mmoja, rudi hatua ya kwanza. Wenye kompyuta za zamani zenye tundu la VGA wakumbuke pia kwamba waya huo haupeleki sauti. Sauti itahitaji waya wake.

Hizo ni hatua za vyombo. Lakini ndugu msomaji, tatizo letu halikuwa la chombo peke yake. Televisheni ilikata neno moja jioni moja. Sisi tulikata maneno ya akinamama mara tatu, kwa kuyaweka chini ya "Mengineyo". Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba wanawake wa Madina walimwendea Mtume (S.A.W.), wakalalamika kwamba wanaume wamewazidi katika kupata muda wake, wakaomba awatengee siku yao. Akawatengea, akawaendea, akawafundisha. Hakuwaambia kwamba litaangaliwa. Na katika aya ya 6 ya Suratul Hujurat tumeamrishwa kuhakikisha habari kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua. Tulikuwa tukiisomesha aya hiyo kwa watu wanaosambaza uvumi kwenye simu. Hatukuwahi kudhani kwamba inatuhusu sisi na waya wetu wa mita 10.

Kamati imepitisha mambo matatu, na safari hii tumeyaandika juu ya ukurasa. Kila sentensi inayoonyeshwa kwenye kioo isomwe kwa sauti na anayesomesha. Kabla ya darsa, mtihani wa mistari minne ufanywe, na jibu litoke chumba cha akinamama. Na akinamama wawili waingie katika kamati, mmoja wao akiwa ndiye msimamizi wa sauti na picha. Rimoti sasa iko mikononi mwao.

Yule binti wa kidato cha pili tulimtaka radhi mbele ya mama yake, kwa kumtuhumu kwamba amekosea kunakili ilhali alinakili alichokiona. Alituambia jambo moja: siku ile alijiuliza kwa nini sentensi imeanza kwa herufi ndogo, akaona haya kuuliza, akadhani watu wazima wanajua. Tunawasihi wazazi na walimu wenzetu wazingatie maneno hayo. Mtoto akiona herufi ndogo mahali pasipo pake, asione haya kuuliza. Na akiuliza, asikilizwe siku hiyohiyo.

Dada yake amemaliza eda. Anaishi katika nyumba aliyoiacha mumewe pamoja na watoto wake watatu. Jumamosi iliyopita alihudhuria darsa kwa mara ya kwanza tangu msiba, akakaa mstari wa mbele, karibu na kioo. Kabla sheikh hajaanza, sauti ya kike ilisikika kutoka upande wa pili wa ukuta: "Mistari minne tunaiona, sheikh. Endelea."

Tunamuomba Allah (S.W.) atusamehe tuliyoyapuuza, na atujaalie kuwa waaminifu wa amana ndogo kabla hatujakabidhiwa kubwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.